Safari ya biashara si kifungo, jipe na wewe chako!

HIVI msomaji wangu, ukitoka safari ya biashara, mzigo umefika salama, jasho limekauka, halafu mdogo wako akakuuliza, "Huko ulikokwenda kukoje?", unalo la kumjibu?

Wengi wetu hatunalo. Tunachojua ni bei tu. Kuna mfanyabiashara namfahamu amekwenda Kariakoo zaidi ya mara ishirini na bahari hajaiona, wakati kutoka Mtaa wa Kongo mpaka kwenye maji ni mwendo wa miguu. Yeye anashukia Mbezi, anaingia Kariakoo, anafunga mzigo, anarudi Mbezi, kwisha habari. Ukimtajia Dar anakwambia joto na foleni. Sasa jamani, tofauti yake na lile furushi lake ni nini? Furushi nalo lilikwenda Dar likarudi!

Mimi ni mtoto wa Nanyala, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. Kwa wale wa Dar wanaodhani nchi inaishia Kibaha, nawasaidia: ukitoka Mbeya mjini kuelekea Tunduma unapita Mbalizi, unateremka mpaka Mto Songwe, ukivuka daraja na kuanza kuupandisha mlima Senjele, hodi, umeingia kwetu. Barabara ni hiyo hiyo kuu ya kwenda Zambia. Malori ya Lusaka na Lubumbashi yanapita mbele ya nyumba zetu usiku na mchana, mpaka watoto wa kwetu wanabembelezwa kwa honi.

Kidato cha nne nilimaliza mwaka 2016. Matokeo yalikuwa ya kawaida, hayakuitisha pilau. Mama ana miche yake ya kahawa nyuma ya nyumba, na msimu wa mwaka uliofuata alipolipwa akanigawia kidogo, nikapanga fremu barabarani, nikaanza kuuza vitenge na nguo za watoto. Tangu hapo kila wiki Tunduma, na kila miezi mitatu Dar es Salaam. Haya makala naandika usiku, mzigo ukishapangwa.

Sasa siku moja nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ambayo si ya fedha. Tunduma mara moja kwa wiki ni siku hamsini na mbili kwa mwaka. Dar mara nne, kila safari siku tano kwenda na kurudi, hizo ni ishirini. Toa wiki za misiba na malaria, zinabaki kama siku sabini. Zidisha kwa miaka minane. Aisee! Nimeishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa ujana wangu juu ya matairi na kwenye mabenchi ya stendi. Mtaji ukiliwa unautafuta tena, unakopa VICOBA, unaanza upya. Mwaka na nusu nitamkopa nani?

Ndipo nikaanza kuwaangalia wenzangu wa safari, nani anaishi na nani anasubiri kufika.

Ngoja niseme mapema, maana najua kuna wazee wa raha wameshaanza kutabasamu. Ninaposema kujipa chako sina maana ya kujirusha. Hiyo kila mtu anaijua wala haihitaji kuandikiwa gazetini. Nina mshikaji wangu mmoja, jina kapuni, alikuwa muuza vipuri vya pikipiki. Akienda Tunduma harudi siku hiyo hiyo hata kwa dawa. Saa nane mchana mzigo umeshafungwa, magari ya kurudi yapo tele, yeye anachukua gesti. Ikifika saa kumi na mbili yuko kaunta, ulabu mbele yake, muziki wa Kikongo unamkoroga, meza imejaa marafiki aliowajua robo saa iliyopita. Asubuhi anapiga simu Nanyala kuomba atumiwe nauli. Mtaji wa milioni tatu ukayeyuka hivyo hivyo, elfu kumi leo, elfu thelathini kesho. Mwisho ikaja ile habari ambayo enzi za kaka zetu iliitwa kukanyaga miwaya.

Msimzike, yuko hai! Alipima mapema, akaanza dawa, anazinywa kila siku bila kukosa, na leo kipimo hakivioni virusi. Ana mke na mtoto, wote salama. Ila vipuri ndiyo basi tena, anaendesha bodaboda ya mtu.

Nilipata kumuuliza, "Hivi kule ulikuwa unatafuta nini hasa?" Nilitegemea ataniletea utani. Akaniangalia akasema, "Wewe acha tu. Jioni ya Tunduma ni ndefu."

Jibu hilo halijanitoka. Tunamwita mtu mlevi au mhuni, lakini hebu fikiria. Uko mji wa watu, soko limefungwa, humjui mtu. Chumba cha gesti kina kitanda, ndoo na taa inayokonyeza. Nje kuna muziki. Miguu itakwenda wapi? Hakwenda Tunduma kwa ajili ya pombe yule bwana, alikwenda kwa ajili ya vipuri, ila saa sita za jioni alizikuta hazina mwenyewe.

Kwa hiyo mimi saa zangu nazitafutia mwenyewe kabla sijatoka nyumbani. Nina daftari. Ukurasa wa kushoto naandika mzigo: doti ngapi, rangi gani, nani kaniagiza. Ukurasa wa kulia naandika neno moja, CHANGU, na chini yake kitu kimoja tu. Kisizidi kimoja! Ukiandika vitano utavikimbiza kama unavyokimbiza mzigo, na hiyo tena si raha, ni kazi ya pili. Kikiwa kimoja unakifanya kweli.

Nikueleze kilichonifanya niliamini hili daftari.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mnyamwanga. Kama hujui, Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, Tunduma na Nakonde, lugha moja, majina yale yale. Mpaka waliwekewa na Wajerumani na Waingereza waliokubaliana mwaka 1890 huko huko kwao Ulaya, bila kumuuliza mtu wa hapa analima upande gani. Bibi alikuwa na mdogo wake aliyeolewa upande wa Nakonde. Sisi wajukuu tulimsikia tu kama "yule wa ng'ambo". Bibi alifariki mwaka 2014, na baada ya hapo hata hilo jina la ng'ambo likaanza kupotea pale nyumbani.

Mwezi Oktoba 2019 marais wawili, hayati Magufuli wa kwetu na Lungu wa Zambia wakati ule, walifungua rasmi kile kituo cha pamoja cha mpakani. Mji mzima ukawa unazungumzia Nakonde. Desemba yake nikaandika kwenye ukurasa wa kulia: CHANGU, kumtafuta bibi wa ng'ambo.

Nilivuka na hati ya dharura ya safari, kihalali kabisa. Njia za panya zipo na kila mtu atakuonyesha, lakini raha gani hiyo ya kutembea huku unageuka nyuma? Halafu nikakuta zawadi ambayo hakuna aliyeniambia. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Tunduma ikiwa saa sita mchana, Nakonde ni saa tano! Yaani unavuka, hatua chache tu, unaongezewa saa nzima ya maisha bila kulipa ushuru. Najua, jioni ukirudi wanakunyang'anya. Lakini wakati huo tayari umeshaila.

Niliingia sokoni kwa akina mama wanaouza kapenta, wale dagaa wao. Nikawasalimu "mulishani", Kibemba pekee nilichokuwa nacho mfukoni, wakacheka sana, lakini wakanipa kigoda. Nikataja jina la baba yake bibi na kijiji walichotoka. Wa kwanza hakulijua. Wa pili akamwita wa tatu. Wa tatu akaniangalia, akafunika beseni lake la kapenta kwa khanga, akasema twende.

Bibi alikuwa amekaa nje anachambua maharage. Hakuuliza jina langu. Aliniangalia muda mrefu mpaka nikaanza kuona aibu, kisha akasema kwa Kinyamwanga kitu ambacho yule mama alinitafsiria: "Haya meno ni ya dada yangu."

Tulikula ugali, wao wanaita nshima, kwa kapenta na mboga ya karanga. Alizungumza Kinyamwanga, mimi nikashika nusu, nusu nyingine akanisaidia kwa Kiswahili chake cha zamani. Hakuniuliza vitenge vinalipa au havilipi. Aliuliza dada yake alizikwa upande gani wa nyumba, na kama ule mparachichi bado upo. Halafu akaingia ndani, akatoka na picha.

Msomaji, mama yangu hakuwahi kumwona mama yake akiwa kijana. Kwetu hapakuwa na picha hata moja ya bibi kabla hajazeeka. Na sasa nimeishika mkononi: wasichana wawili, gauni za kufanana, mmoja kaweka mkono kiunoni kwa maringo kama anapiga picha ya jalada la gazeti. Huyo wa maringo ndiye bibi yangu! Nikaipiga kwa simu mara kumi kwa woga isije ikatoka na ukungu. Siku ile ile niliporudi Tunduma nikaingia studio, nikaisafisha, ikawekewa fremu. Mzigo wa vitenge ulipofika nyumbani mama hakuutazama. Alikaa na ile picha mapajani mpaka giza likaingia, na hakutaka taa iwashwe.

Iko ukutani sebuleni. Mgeni hapewi kiti kabla hajaonyeshwa.

Mei 2020 Zambia waliufunga mpaka wa Nakonde kwa ajili ya korona. Sikuweza kwenda kwake kwa miezi kadhaa, lakini namba ya simu ya mjukuu wake nilikuwa nayo, tukawa tunasikilizana kila Jumapili. Sasa mpaka ukiwa wazi, safari moja katika kila nne ukurasa wa kulia unaandikwa jina lake. Nampelekea kilo tano za mchele wa Kamsamba, kwa sababu anasema wali mwingine hauna harufu.

Na kwa wale wafanyabiashara wagumu ambao mpaka sasa wanauliza "faida iko wapi?", haya, faida hii hapa. Ni kwa bibi nilikojifunza kwamba mitumba Wazambia wanaiita salaula, na kwamba akina mama wa Nakonde wakivuka kuja Tunduma kununua wanapenda kitenge chenye maua makubwa na hawaupigi chenga mchele mzuri. Tangu hapo siendi Tunduma mikono mitupu. Nakwenda na mchele, narudi na vitenge, gari limeshalipiwa na mchele. Hilo nisingelipata kwa kukaa stendi kusubiri Noah ijae.

Najua mwingine anasema, dada hongera, lakini mimi sina bibi ng'ambo. Sawa. Lakini usiniambie huko unakokwenda hakuna kitu.

Hapa hapa kwetu Mbozi, watu wanakuja Mlowo kununua mahindi, maharage na kahawa, wanajaza magari, wanaondoka, na hawajui kwamba wamepita jirani na jiwe lililotoka mbinguni. Kimondo cha Mbozi! Kiko kijiji cha Ndolezi, unaacha barabara kuu unachukua bodaboda. Wataalamu wa serikali ya kikoloni walikifahamu mwaka 1930, lakini wazee wa huku walikuwa wakikijua zamani sana. Kina urefu wa kama mita 3, na uzito wake unakadiriwa tani 16 hivi, sehemu kubwa chuma kitupu na nikeli kidogo. Ni kati ya vimondo vikubwa kabisa duniani. Nilikwenda siku moja mteja wangu wa Mlowo aliponiambia nirudi baada ya saa tatu. Badala ya kukaa kwenye benchi lake nikitazama simu, nikapanda pikipiki. Nikakishika kwa viganja viwili. Kilikuwa cha baridi na jua lilikuwa kali. Kitu hiki kilikuwa kinazurura angani bila baba wala mama, sasa kimelala Ndolezi kinatembelewa na watoto wa shule! Niliporudi kwa mteja nilikuwa na furaha hata bei nikampunguzia, hapo ndipo raha inaweza kukutia hasara kidogo.

Ukienda Iringa, Isimila na zana zake za mawe za watu wa kale haiko mbali na mji. Ukienda Mwanza, kisiwa cha Saanane kinaonekana kutoka mjini. Ukipelekwa Kigoma, Ujiji kuna mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Uliza tu. Mhudumu wa gesti anajua kuliko unavyodhani, tatizo wageni wote humuuliza habari ya baa na chipsi.

Tukishagusa gesti, wacha niseme na akina dada, akina kaka mnaweza kusoma kwa pembeni. Raha ya safari inaanzia kwenye komeo. Kuna gesti moja, mji siutaji, nilipewa chumba chenye komeo la mapambo, linazunguka tu. Saa saba usiku mtu akagonga akijidai kakosea chumba. Akagonga tena. Niliburuta meza nikaiegemeza mlangoni, nikakaa juu yake mpaka alfajiri na furushi langu kama askari wa zamu. Siku ya pili hata uniambie mji ule una bustani ya Edeni, sikuwa na macho ya kuiona. Tangu hapo kabla ya kulipa naingia chumbani, nafunga komeo kwa ndani, nasukuma kwa bega. Mhudumu akinuna, anune. Elfu tano ya kuongeza kwa chumba chenye mlango wa maana siihesabu kama anasa. Fedha za mzigo ziko kwenye simu, nazitoa kwa wakala karibu na duka ninalonunua, na sionyeshi kitita stendi. Nikishajua hayo yako sawa, macho yanafunguka, naweza kuuona mji.

Sasa Dar. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na wafanyabiashara wengi wameyakimbilia. Unapanda jioni, unalala, unaamka Mbezi. Siwalaumu, mtu ana haraka zake. Mimi napanda la mchana, na nina sababu moja kubwa inayoitwa Mikumi. Barabara inakatiza katikati ya hifadhi kwa kama kilomita 50! Wazungu wanalipa madola kuja kuona tembo, wewe unawaona kwa nauli ya basi, umekaa dirishani unatafuna karanga. Nimewahi kuona twiga watatu wamesimama kama wanasubiri kuvuka zebra. Basi zima lilikuwa limelala! Nikamgusa baba wa pembeni yangu, "Shikamoo baba, tazama twiga." Akafumbua jicho moja, akasema "Marahaba, nawajua," akaendelea kukoroma.

Kabla ya hapo unateremka Kitonga na mabonde yake ya kutisha, unafika Ruaha Mbuyuni, mibuyu imesimama kila upande na vitunguu vyekundu vimepangwa barabarani kama shanga. Ukipita usiku vyote hivi ni giza na honi.

Mwaka 2022 nilijaribu njia ya reli, TAZARA, nikapandia Mbeya. Ile reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na ukipita kati ya Makambako na Mlimba unaelewa kwa nini watu walitoa jasho. Handaki, daraja, handaki, daraja, na chini kijani tupu. Ukitoka hapo asubuhi moja unachungulia dirishani unaona pori la hifadhi. Si usafiri wa mtu mwenye mzigo wa kuoza, na ratiba za abiria zimekuwa zikibadilika, uulize stesheni kwanza. Lakini nililala kitandani nikinyoosha miguu, nikasoma riwaya nzima, nikafika Dar na makala mbili za gazeti hili zimeshaandikwa. Basi halijawahi kunipa makala hata moja, linanipa maumivu ya shingo.

Na ukishafika Dar, baada ya Kariakoo nenda kavuke Kigamboni kwa pantoni. Nauli yake haifiki bei ya soda. Mimi niliiona bahari kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na moja, juu ya pantoni hiyo, nimebanwa kati ya baiskeli na mwanamke mwenye tenga la samaki. Nikaonja maji kwa kidole kuhakikisha kama kweli yana chumvi, yule mama akanicheka mpaka tukafika ng'ambo. Siku nyingine nilikwenda Makumbusho ya Taifa, nikamwona yule Zinjanthropus aliyegunduliwa na Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Taya lake lingeweza kusaga gunia la mahindi ya Mbozi.

Fedha za hayo yote zinatoka wapi? Kutoka kwenye bahasha. Kabla ya safari naweka kando fungu dogo. Kwa Tunduma ni shilingi elfu tano, kwa Dar elfu ishirini. Imeandikwa jina langu. Mtaji hauruhusiwi kuingia ndani ya bahasha na bahasha hairuhusiwi kukopesha mtaji. Ikiisha, raha imeisha, tunarudi kwenye mzigo. Yule mshikaji wangu wa vipuri alipoona bahasha yangu alicheka, akasema zake zote zilikuwa kwenye mfuko mmoja wa suruali, ndiyo maana hakujua anakula nini.

Na ninyi wenzetu wa maofisini mnaosafiri kwa posho, msidhani nimewasahau. Nawaona kwenye magesti ya Vwawa mkikamuliana chumba kimoja watu watatu ili posho ibaki, chakula mihogo, jioni mnajifungia na televisheni. Ukimaliza semina ya siku tano mkoa wa Songwe ulichokiona ni ukumbi na chai ya saa nne! Bati la nyumba muhimu, sikatai. Lakini elfu saba ya bodaboda kwenda Ndolezi haimalizi bati.

Kuna jambo moja halimo kwenye bahasha, nalo ni maneno ya watu. Msichana akisafiri sana anaambiwa ameharibika. Akirudi anacheka ndiyo kabisa! Akirudi amenuna na amechoka wanasema maskini, anahangaika na maisha. Yaani wanakuruhusu kusafiri ila usifurahi. Mchumba wangu wa kwanza alinipa masharti: niende Tunduma, lakini nirudi kabla ya saa kumi na simu iwe hewani muda wote. Nikamwambia basi twende wote Alhamisi moja, ujionee. Alikuja. Alilala kutoka Mlowo mpaka Tunduma, akalalamika jua, akakataa nshima, na nilipomwambia tumsalimu bibi akaniuliza, "Huyo atanunua nini?" Hatukuachana siku ile, lakini mimi jibu langu nilikuwa nimeshalipata.

Mama ndiye hajawahi kuniuliza kwa nini nimechelewa. Anauliza nimeona nini. Ananisikiliza mpaka mwisho, habari za twiga, za handaki, za fuvu, huku anapepeta mchele, halafu anakwenda kumsimulia jirani kama yeye ndiye aliyesafiri.

Yeye mwisho wake wa safari ni Mbeya. Kwa hiyo safari yangu ijayo ya Dar, ukurasa wa kulia nimeshauandika, na bahasha yake niliianza mwezi wa saba, wakati wa kahawa. Tutapanda basi la mchana, yeye atakaa dirishani, na siku ya tatu, Kariakoo ikishakwisha, tutapanda pantoni. Ana swali moja tu, ameniuliza mara tatu wiki hii: yale maji yana mwisho? Nimemwambia tutamuuliza yule mwanamke wa tenga la samaki.